Umeme Ukikatika Baada ya Dhoruba: Somo kwa Kamati za Sharika

Katika somo la robo hii tumechagua jambo ambalo kamati nyingi za pwani hulizungumza wakati maji yamekwisha kumwagika. Dhoruba imepita, paa zimebaki, watu ni wazima. Lakini umeme hakuna, na baada ya muda bomba nalo linakauka. Je, nyumba itaishije kwa siku tatu, kwa wiki nzima, au kwa mwezi?

Tunaomba kamati isome somo hili kwa pamoja, sehemu baada ya sehemu, na ijibu maswali yaliyo mwishoni.

Tulichojifunza Mei 2024

Wengi wetu tulikua tukiamini kwamba vimbunga ni habari ya Msumbiji na Madagaska. Imani hiyo ina sababu. Kimbunga huhitaji mzunguko wa dunia ili kipate kujizungusha, na karibu na Ikweta nguvu hiyo ni ndogo. Aidha, kisiwa cha Madagaska hukinga sehemu ya njia. Hata hivyo wazee wa Unguja walisimuliana kimbunga cha Aprili 1872 kilichoangusha mikarafuu, na wazee wa Lindi walikumbuka kile cha Aprili 1952. Vimbunga ni nadra kwetu, lakini huja.

Mwanzoni mwa Mei 2024 Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilitoa taarifa kuhusu kimbunga Hidaya. Mikoa iliyotajwa ilikuwa Mtwara, Lindi, Pwani, Dar es Salaam, Morogoro na Tanga yetu, pamoja na visiwa vya Unguja na Pemba. Safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisitishwa. Tarehe 4 Mei Hidaya ilifika Mafia ikiwa imepungua nguvu, na usiku huo TMA ikatangaza kwamba imekwisha. Madhara makubwa yaliwaangukia ndugu zetu wa Mafia, Kilwa na Lindi. Barabara kuu ya kwenda kusini ilikatika eneo la Somanga, na magari yakakwama pande zote mbili. Baadaye mwezi huo huo dhoruba nyingine, Ialy, ilipita baharini kuelekea kaskazini.

Tanga tulisalimika. Lakini siku ile ile ya tarehe 4 Mei gridi ya Taifa ilipata hitilafu, na sehemu kubwa ya nchi ikakosa umeme kwa saa kadhaa. Tarehe 12 Mei nyaya za intaneti zilizo chini ya bahari zilikatika, mbali kabisa na kwetu, na mtandao ukawa wa taabu kwa siku kadhaa nchi nzima. Hatusemi kwamba mambo hayo mawili yaliletwa na kimbunga. Tunachosema ni kwamba huduma zinazoingia nyumbani kwetu hutoka mbali, na zinaweza kukatika hata kama upepo haukugusa mnazi mmoja wa mtaa wetu. Kamati inayojiandaa kwa paa kuezuliwa peke yake imejiandaa nusu.

Umeme ukienda, nini hufuata?

Tuchukue mji wa Tanga kama mfano. Maji ya mji hutoka Mto Zigi, unaoanzia misitu ya Amani katika Usambara Mashariki na kukusanywa katika bwawa la Mabayani. Hayafiki bombani kwa kuteremka yenyewe. Husukumwa kwa pampu, husafishwa, kisha husambazwa. Mvua kubwa inaponyesha milimani huleta mambo mawili kwa wakati mmoja: mto hujaa tope, hivyo kazi ya kusafisha huwa ngumu zaidi, na nguzo au nyaya zinaweza kuanguka, hivyo pampu hukosa umeme. Hapo ndipo maji hupungua, na yakirudi huenda yakawa na rangi.

Vijijini hali inabadilika pia. Tunashukuru kwamba umeme umefika katika vijiji vingi vya Muheza, Mkinga, Pangani na Handeni, na visima virefu vinafungwa pampu za umeme. Lakini mahali pengine, mara pampu ya umeme ilipofungwa, ile ya mkono iliachwa ikashika kutu au iliuzwa chuma chakavu. Zamani umeme ulipokatika kijiji kilikosa mwanga tu. Leo kinaweza kukosa mwanga na maji siku hiyo hiyo.

Baada ya maji hufuata simu, kwa kuwa betri huisha. Simu ikizimika, pesa iliyomo haipatikani. Wakala wa pesa naye huenda hana chaji wala mtandao. Mama lishe hana pa kuhifadhi samaki. Wavuvi wa Deep Sea, Kigombe na Pangani hawatoki baharini kwa sababu ya upepo, na wakitoka barafu hakuna. Siku ya tatu nyumba iliyokuwa na akiba ndogo inakuwa haina mwanga, haina maji, haina mawasiliano na haina fedha mkononi. Mambo haya manne hatuwezi kuyashughulikia kila moja peke yake, kwa kuwa moja huvuta jingine.

Ndugu zetu wa Unguja walipokaa gizani

Mfano mkubwa zaidi uko ng'ambo ya bahari. Kuanzia Mei hadi Juni 2008 kisiwa cha Unguja kilikaa takriban mwezi mmoja bila umeme, baada ya hitilafu kutokea katika njia ya waya wa baharini unaotoka bara. Kabla watu hawajasahau, umeme ulikatika tena Desemba 2009, na haukurudi hadi Machi 2010. Hiyo ni miezi mitatu. Haikuwa dhoruba, lakini nyumba ilijikuta katika hali ile ile. Pampu za maji zilisimama, watu wakarudi kwenye visima vya zamani, na wenye mikokoteni wakauza maji kwa madumu. Wenye jenereta waliendelea na kazi kwa gharama kubwa ya mafuta. Wasiokuwa nazo, kama mafundi wa kuchomelea, washonaji na wauza vinywaji baridi, walipoteza kipato.

Mtafiti wa uchumi Alfredo Burlando alichunguza athari za giza lile la mwaka 2008. Aliona kwamba watoto waliozaliwa miezi kadhaa baadaye walikuwa na uzito pungufu kuliko kawaida, na akahusisha jambo hilo na kushuka kwa kipato cha familia ambazo kazi zao zilitegemea umeme. Tufikiri juu ya hilo. Umeme ulikuwa umesharudi, taa zilikuwa zinawaka, lakini athari ilionekana kwenye mizani ya kliniki. Kwa hiyo kamati isifunge daftari lake siku umeme unaporudi.

Mwaka 2010 waya wa baharini wa kutoka Tanga hadi Pemba ulizinduliwa. Tangu hapo umeme wa ndugu zetu wa Pemba hupitia kwetu. Shida ikitupata, nao huenda ikawapata.

Jenereta au simtanki? Kosa letu wenyewe

Sasa tuseme jambo lililo gumu kwetu. Miaka kadhaa iliyopita sisi wa ofisi ya miradi tulisaidia usharika mmoja wa pwani kupata jenereta. Kamati iliomba, mfadhili alikubali, sisi tuliandika mchanganuo. Hatukuwauliza wanawake wa mtaa ule umeme ukikatika wao hukosa nini kwanza.

Ikaja mvua kubwa yenye upepo, nguzo zikaanguka, umeme ukakosekana siku nne. Jioni ya kwanza jenereta iliwashwa na ukumbi ukang'aa. Vijana walichaji simu, kwaya ikafanya mazoezi. Jioni ya pili mafuta yalikwisha. Kituo cha mafuta cha karibu nacho hakikuwa na umeme wa kuendesha pampu zake, na barabara ya kwenda cha mbali ilikuwa imejaa maji. Tulipofika siku ya tatu kuwatembelea, bibi mmoja mjane alitusubiri tumalize kusifiwa, kisha akasema taratibu: "Wanangu, taa tumeiona na tumeshukuru. Lakini mimi toka juzi natafuta ndoo ya maji." Kisima alichopata maji hatimaye kilikuwa cha msikiti wa jirani. Kijana wa pale ndiye aliyembebea.

Katika taarifa yetu kwa mfadhili tuliandika idadi ya watu waliochaji simu na picha ya ukumbi wenye mwanga. Habari ya yule bibi hatukuiandika. Tunaiandika leo, na tunaomba radhi kwa usharika ule na kwa mfadhili wetu.

Hatusemi jenereta ni mbaya. Zahanati yenye chumba cha kujifungulia inaihitaji, na pampu ya kisima inaweza kuendeshwa nayo. Lakini jenereta bila mpango wa mafuta ni kama wale wanawali watano wa Mathayo 25: taa walikuwa nazo, na waliokwenda kununua mafuta usiku walichelewa mlango. Kwa nyumba nyingi za pwani tumejifunza kuanza na maji, kisha orodha ya watu, kisha mwanga. Jenereta iwe ya mwisho, tena kama kuna sababu.

Hesabu ya maji kila kamati iweze kuifanya

Viwango vinavyotumiwa na mashirika ya misaada husema mtu mmoja apate angalau lita 15 kwa siku kwa kunywa, kupika na usafi. Nyumba ya watu 6 inahitaji lita 90. Simtanki la lita 1,000 litaitosheleza siku 11. Ikibana matumizi hadi lita 5 kwa mtu, yaani kunywa na kupika tu, litafika siku 33. Nyumba isiyo na uwezo wa simtanki ianze na madumu 5 ya lita 20 yenye vifuniko. Lita 100 si nyingi, lakini kwa kunywa na kupika zitaivusha siku tatu za mwanzo, ambazo ndizo ngumu.

Mvua yenyewe hutuletea maji. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ya bati hutoa lita 1. Chukua bati la kanisa la mtaa lenye mita 10 kwa 8, yaani mita za mraba 80. Mvua ya milimita 20, ambayo masika huleta mara nyingi, itatoa lita 1,600. Ukiondoa yanayopotea, utabaki na kama lita 1,280. Kanisa lisilo na mabomba ya paa linaacha maji hayo yachimbe msingi wake.

Mambo matatu ya kuzingatia:

- Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iachwe iende, kwa sababu huosha vumbi na kinyesi cha ndege.
- Simtanki lijazwe kabla ya upepo kufika, na lifungwe kwa kamba kwenye msingi wake. Likiwa tupu hupeperushwa.
- Pampu ya mkono isiondolewe pale pampu ya umeme inapofungwa. Kama imeshaondolewa, kamati ya maji ya kijiji iombwe kuangalia uwezekano wa kuirudisha, japo kwenye kisima kimoja.

Orodha ya nyumba

Kazi hii haina gharama ila daftari na kalamu. Kila mtaa wa usharika uandike nyumba ambazo umeme na maji vikikatika zitaumia mapema kuliko nyingine: mzee anayeishi peke yake, mjamzito aliyekaribia kujifungua, mama wa mtoto mchanga, mlemavu, mgonjwa anayetumia dawa za kuhifadhiwa kwenye baridi, na nyumba inayoongozwa na mtoto. Mbele ya kila nyumba liandikwe jina la mtu mmoja atakayekwenda kugonga hodi siku ya kwanza, na wa pili kama huyo hayupo. Isiandikwe "kamati itafuatilia." Tumeona mara nyingi kwamba kazi ya kamati nzima haina mwenyewe.

Orodha isiishie kwa Wakristo wetu. Pwani tunaishi pamoja. Mwenyekiti wa mtaa wa serikali na viongozi wa msikiti washirikishwe tangu mwanzo. Wao wana kisima, sisi tuna bati kubwa, na mzee wa nyumba ya tatu ni jirani yetu sote. Daftari liwe la karatasi, maana simu ndiyo itakayozimika. Kwa kuwa lina habari za wagonjwa, litunzwe na watu wawili waaminifu na lisisomwe hadharani.

Kufuata taarifa za TMA

TMA hutumia ngazi tatu za kuonya: Angalizo kwa rangi ya njano, Tahadhari kwa rangi ya chungwa, na Tahadhari Kubwa kwa rangi nyekundu. Tunashauri kamati ikubaliane mapema kazi ya kila ngazi:

- Angalizo: kila nyumba ijaze madumu, ichaji simu, inunue betri za redio na tochi, na iweke fedha taslimu kidogo nyumbani.
- Tahadhari: walioandikwa kwenye daftari waende kwenye nyumba zao. Mkaa na kuni viingizwe pakavu. Wajawazito waliokaribia siku zao wasogezwe karibu na kituo cha afya.
- Tahadhari Kubwa: familia za mabondeni na kando ya bahari zifuate maelekezo ya serikali ya mtaa, na ukumbi wa kanisa ufunguliwe.

Usalama umeme unapokuwa haupo, na unaporudi

Waya ulioanguka uhesabiwe kuwa una umeme hata kama mtaa mzima ni giza. Watoto wazuiwe, watu wakae umbali wa mita 10 au zaidi, na TANESCO ijulishwe. Asitokee fundi wa mtaani wa kuuinua kwa mti.

Jiko la mkaa lisiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, na jenereta isiwekwe ndani wala barazani karibu na dirisha. Hewa yake ya sumu haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Siku za mvua kishawishi ni kikubwa kwa sababu nje kumelowa. Kibatari na mshumaa viwekwe mbali na chandarua na pazia. Familia ikiweza, taa ndogo ya sola ni salama zaidi.

Jokofu lisifunguliwe ovyo. Likifungwa hutunza chakula kama saa 4. Friza iliyojaa hufika saa 48, na iliyojaa nusu saa 24. Samaki aliyeanza kulegea asipikwe kwa kuogopa hasara. Mwenye insulini aulize kituo chake mapema namna ya kuitunza bila jokofu. Njia moja inayotumika ni chungu ndani ya chungu, katikati mchanga uliolowanishwa, pahali penye kivuli na upepo.

Swichi kuu izimwe, na vyombo vichomolewe. Umeme ukirudi, subirini utulie kabla ya kuwasha jokofu na televisheni. Nyumba iliyoingia maji isiwashwe mpaka fundi mwenye leseni aikague.

Maji ya kunywa

Baada ya mafuriko, choo na kisima vinaweza kuwa vimekutana. Maji yote ya kunywa yatibiwe, yakiwa ya bomba au ya kisima. Yachemshwe mpaka yatokote vizuri, au yatiwe dawa ya kutibu maji kwa kufuata maelezo ya pakiti. Maji ya tope yaachwe yatulie na kuchujwa kwa kitambaa safi kwanza. Kuni zikiwa zimelowa na dawa hakuna, maji yaliyo maangavu yawekwe kwenye chupa safi za plastiki zinazopitisha mwanga, zilazwe juu ya bati kwenye jua kali kwa saa 6, au siku 2 kama kuna mawingu.

Mtu akiharisha, asingoje. Apewe maji ya chumvichumvi ya pakiti. Kama hayapo, lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote kwa usawa wa kijiko. Kisha apelekwe kituo cha afya. Kuharisha maji mengi kama ya mchele kunaweza kuwa kipindupindu, na saa chache zina maana.

Umeme umerudi, nyumba bado gizani

Kuna giza la pili ambalo kamati hulisahau. Laini imetengenezwa, majirani wanawasha taa, lakini nyumba moja bado iko gizani kwa sababu hakuna fedha ya kununua LUKU. Au maji yamerudi bombani, lakini ankara ya miezi miwili haijalipwa kwa kuwa mvuvi hakwenda baharini, na huduma imekatwa. Mara nyingi mwenye nyumba huona aibu kusema.

Tunashauri yafuatayo. Kwanza, anayejua hataweza kulipa ankara ya maji aende ofisini kabla ya siku ya mwisho, akiwa na ankara yake, aombe kwa maandishi kulipa kidogo kidogo. Mjumbe mmoja wa kamati amsindikize. Abaki na nakala yenye tarehe. Pili, kama ankara imeruka isivyo kawaida, huenda bomba limepasuka chini ya ardhi wakati wa mafuriko. Fungeni koki zote za ndani, angalieni kama mita inaendelea kuzunguka, na mtoe taarifa. Tatu, lalamiko lisipopata jibu kwa mtoa huduma, mteja ana haki ya kulifikisha EWURA. Lipo pia baraza la watumiaji wa huduma za nishati na maji, EWURA CCC, ambalo kazi yake ni kumsaidia mteja.

Nne, mfuko mdogo wa dharura wa usharika unaweza kununua LUKU ya kuanzia kwa nyumba zilizo kwenye daftari. Kiasi kiwe kimoja kwa wote, kiamuliwe na kikao, na kiandikwe. Kumnunulia mjane uniti chache ili awashe taa si matumizi mabaya ya sadaka, ila ni lazima hesabu yake ionekane.

Neno kwa wafadhili wetu

Ndugu zetu, tunajua simtanki lililofungwa kamba na daftari la kurasa 40 havipendezi kwenye picha kama ukumbi unaong'aa. Tunaomba mtuulize maswali magumu zaidi ya tulivyozoea. Msituulize tu ni watu wangapi walinufaika. Tuulizeni siku ya tatu nani alikosa maji, na kwa nini. Na maombi ya vifaa vya umeme yakija kwenu kutoka ofisi yetu bila maelezo ya mafuta, matengenezo na mtu wa kuvitunza, turudishieni. Hatutakasirika.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Umeme ukikatika leo jioni kwa siku saba, katika mtaa wetu nyumba ipi itakosa maji kwanza? Tunajuaje?
2. Visima vyetu vinaendeshwa kwa nini? Pampu ya mkono iliyo karibu iko wapi, na inafanya kazi?
3. Bati la kanisa letu lina mita za mraba ngapi? Maji yake yanakwenda wapi sasa?
4. Nani atashika daftari la nyumba, na nani atazungumza na jirani zetu wa msikitini na mwenyekiti wa mtaa?
5. Je, kuna nyumba katika usharika wetu ambayo hivi sasa, bila dhoruba yoyote, imekatiwa maji au haina LUKU? Nani ameitembelea?

Tunaomba kamati zianze na swali la tano, kwa sababu halingoji masika. Mtuandikie majibu yenu nasi tutayashirikisha sharika nyingine katika toleo lijalo, pamoja na yale ambayo hayakufanikiwa.

Yule bibi bado yupo. Usharika wake sasa una simtanki mbili chini ya bati la kanisa, na jina lake ni la kwanza kwenye daftari la mtaa. Mara ya mwisho tulipomtembelea alituuliza kama tumekwenda na wa kwetu wa nyumbani kuwajazia madumu. Tulikuwa hatujafanya hivyo.



Ofisi ya Mratibu wa Miradi ya Dayosisi